Fedha za polisi zihamishiwe kwenye nyumba na huduma za jamii? Nasema ndiyo, ila si kwa namna ya mwaka 2020

Wadau, kila mjadala huu unapofunguliwa huja hoja moja ya kuufunga: kwamba miji ya Marekani iliwapunguzia polisi fedha baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis Mei 2020, mauaji yakapanda, wananchi wakajuta, basi yameisha. Sikubali kwamba yameisha. Kilichoshindwa mwaka ule ni kauli ya maandamano, ile ya "wanyimeni polisi fedha". Kazi yenyewe ilianza mahali pachache, na huko ilizaa matunda.

Tuanze na Minneapolis. Juni 2020 madiwani tisa walisimama jukwaani katika bustani ya Powderhorn wakaahidi kuivunja idara ya polisi. Ilipofika Desemba, baraza lilihamisha takriban dola milioni 8 kutoka kwenye bajeti ya milioni 179. Novemba 2021 wananchi wakaulizwa kwa kura kama idara ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na idara mpya ya usalama wa umma. Wakakataa, asilimia 56 kwa 44. Austin, Texas, nayo mwaka 2020 ilitangaza kukata dola milioni 150, yaani theluthi ya bajeti ya polisi, lakini sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilikuwa kuvitoa vitengo kama maabara ya uchunguzi chini ya polisi na kuviweka kwingine. Kilichokatwa papo hapo kilikuwa kama milioni 20. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kuiadhibu miji mikubwa inayopunguza bajeti ya polisi, na Austin ikarudisha fedha. Mauaji nayo yalipanda kwa karibu asilimia 30 nchi nzima mwaka 2020, kwenye miji iliyokata na kwenye miji iliyoongeza.

Upande wangu nao una la kusahihisha. Tuache kuutaja mji wa Camden, New Jersey, kama mji uliowafuta polisi mwaka 2013. Ulivunja idara moja ukaunda nyingine chini ya kaunti, na askari wakaongezeka. Tena tukubali jambo zito zaidi: askari wengi hupunguza mauaji. Mchumi Aaron Chalfin na wenzake walikadiria kwamba kila askari 10 hadi 17 wanaoongezwa huepusha mauaji ya mtu mmoja kwa mwaka, na kwamba tukilinganisha kwa idadi ya watu, Wamarekani Weusi hunufaika takriban maradufu. Anayelipuuza hilo anawapuuza watu walewale anaodai kuwatetea. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba askari wanaoongezwa hukamata watu wengi zaidi kwa makosa madogo, na mzigo wa kukamatwa huko huwaangukia zaidi Weusi. Kwa hiyo mimi nauliza askari anatumia saa zake kufanya nini, na ni nani mwingine angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Eugene, Oregon, walilijibu swali hilo tangu mwaka 1989. Huduma iliyoitwa CAHOOTS ilikuwa inapeleka gari lenye mhudumu wa tiba na mshauri wa watu walio katika msukosuko wa akili, bila bunduki, kwenda kwa mlevi aliyelala kando ya njia, mtu anayetaka kujiua, au kijana aliyefukuzwa nyumbani. Mwaka 2019 walipokea simu zipatazo 24,000, na waliohitaji kuitiwa polisi kwa msaada hawakufika wawili katika kila mia. Mji wa Denver, Colorado, ulianzisha mpango wake wa aina hiyo, STAR, Juni 2020. Watafiti wa Stanford walikuta kwamba katika maeneo ulikofika, taarifa za makosa madogo zilishuka kwa asilimia 34 ndani ya miezi sita, na uhalifu wa kutumia nguvu haukuongezeka.

Hapa kwenye nyumba ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka. Mtu asiye na makazi hukamatwa kwa kulala bustanini, kukojoa hadharani, au kuingia eneo la mtu. Hulala mahabusu, hutoka, hurudi palepale, hukamatwa tena. Denver iliwachagua watu wa namna hii hasa, waliokwisha kukamatwa angalau mara nane katika miaka mitatu. Nyumba zilikuwa chache, hivyo zikagawiwa kwa bahati nasibu, na kwa sababu hiyo watafiti wakapata makundi mawili ya kulinganisha kwa haki. Waliopata nyumba pamoja na mhudumu wa kuwafuatilia walikutana na polisi mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 34, na kukamatwa kukapungua kwa asilimia 40. Baada ya miaka mitatu, asilimia 77 bado walikuwa na makazi ya kudumu. Mtu aliyeitwa sugu kumbe alikosa mlango wa kufunga usiku. Nikisoma takwimu hizo nawaza usiku wote ambao watu hao walilazwa rumande kwa fedha za umma, na inaniuma.

Je, nyumba hizo zilijilipia? Nusu tu. Kiasi cha nusu ya gharama ilifidiwa na matumizi yaliyopungua katika jela, polisi, hospitali na kwingineko. Nusu ya pili lazima itoke mahali, na hapo mpinzani wangu makini huniuliza: mbona Houston imewapatia nyumba watu zaidi ya 25,000 tangu mwaka 2012 bila kuwagusa polisi? Ni swali la haki. Houston ilitegemea sana fedha za serikali kuu, na fedha za aina hiyo huja kwa muda. Bajeti ya polisi imo kwenye mapato ya kudumu ya jiji, mara nyingi ikiwa fungu kubwa kuliko yote, lakini huduma za jamii huishi kwa ruzuku na mikataba mifupi. CAHOOTS yenyewe, pamoja na sifa zote hizo, ilisimama Eugene Aprili 2025 kwa kukosa fedha. Zaidi ya miaka 35 ya kazi, kisha gari likaegeshwa. Tusipozipa huduma hizi fungu la kudumu, kila tunachokijenga kinabomoka uhisani ukikauka.

Ndiyo maana naona njia ya kaunti ya Los Angeles ina uzito kuliko kelele zote za 2020. Novemba mwaka huo wapiga kura walipitisha Kipengele J, kilichotaka angalau asilimia 10 ya mapato ya kaunti yasiyofungwa na masharti yaende kwenye nyumba, ajira, tiba na njia mbadala za kifungo. Jaji alikitengua mwaka 2021, mahakama ya rufaa ikakirejesha mwaka 2023. Hilo lilikuwa badiliko la katiba ya kaunti, lililokusudiwa lisisubiri huruma ya bajeti ya mwaka.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: timu kama za CAHOOTS na STAR zianze kwanza, simu zihamie kwao, na nafasi za askari wanaostaafu zisijazwe kwa kadiri simu zilivyohama. Wapelelezi wa mauaji wasiguswe kabisa. Nchini Marekani mwaka 2022 karibu nusu ya mauaji yalipita bila kupatikana mtuhumiwa, na familia hizo zinadai haki kama mtu mwingine yeyote.

Sasa anayepinga anijibu hili moja. Saa nane usiku inaingia simu ya mtu asiye na silaha, anaongea peke yake mlangoni mwa duka. Askari mmoja yuko zamu, na mezani kuna jalada la mauaji lenye shahidi ambaye hajahojiwa. Unampeleka wapi?