Naomba ushauri: r ni 0.61, je, naweza kuandika kwamba uhusiano ni wa mstari mnyoofu?

Mche Mmoja (mleta mada): Wanajukwaa, heshima kwenu. Nilipanda miche katika vyungu 15, kila chungu nikakipa kiasi chake cha mbolea kuanzia gramu 0 hadi 14, na baada ya wiki sita nikapima urefu. Kipimo cha uhusiano cha Pearson, kinachoonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja kiasi gani, kimetoa r = 0.61, na jaribio la kuona kama hiyo si bahati tu limetoa t = 2.43 na p = 0.035. Je, hiyo inatosha kuandika kwamba urefu huongezeka kwa mstari mnyoofu kadiri mbolea inavyoongezeka? Huu ni usiku wa tatu sipati usingizi.

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, p hiyo inakuambia tu kwamba, kama kusingekuwa na uhusiano wowote, r iliyo mbali na sifuri kiasi hicho ingepatikana kwa nadra, kuhusu umbo la uhusiano haisemi lolote. Mwaka 1973 mwanatakwimu Anscombe alichapisha mafungu manne ya takwimu, kila moja likiwa na nukta 11 na r ya takriban 0.816, lakini ukiyachora, moja ni mkunjo dhahiri na jingine ni mstari ulioharibiwa na nukta moja tu. Umechora chati ya nukta?

Kalamu Nyekundu: Mimi nilihangaika mwezi mzima na r iliyogoma kupanda, kumbe nilipoingiza takwimu niliandika 71 badala ya 17. Tangu siku hiyo natumia kipimo kingine cha uhusiano, cha Spearman, maana yeye hupanga namba kwa nafasi na hatishwi na namba moja iliyopotoka.

Mwalimu Mstaafu: Spearman hupima kama vitu hupanda pamoja, si kama hupanda kwa mstari mnyoofu. Swali la mleta mada ni jingine.

Babu Jedwali: Vijana wa leo hubonyeza programu kabla ya kutazama walichokipima. Zamani tulichora kwa penseli, na aibu ilionekana mapema.

Sifuri Kamili: Samahani kwa kuwakatiza. Nimepiga hesabu kwa mkono: t ni r mara kipeuo cha pili cha n − 2 (n ni idadi ya vyungu), kisha unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 − r². Kwa r ya 0.61 na vyungu 15 jibu ni 2.78, wala si 2.43. Ama kisa hiki kimetungwa, ama vyungu havikuwa 15.

Kalamu Nyekundu: Nami nilishangaa mtu kukosa usingizi kwa p ndogo ya 0.035. Wengine tungesherehekea.

Mche Mmoja: Sikutunga chochote. Vilivyoingia kwenye hesabu ni 12. Vitatu niliviondoa kwa sababu majani yaliungua kingo yakawa ya kahawia na mashina yakalala juu ya udongo, na mche mgonjwa hauwezi kuwakilisha mizima. Isitoshe, msimamizi wangu amekwishaisoma rasimu na kuipenda.

Sifuri Kamili: Vitatu vipi?

Mche Mmoja: Cha gramu 12, cha 13 na cha 14.

Kalamu Nyekundu: Kumbe mashahidi walifukuzwa mahakamani kabla ya kufungua kinywa!

Mwalimu Mstaafu: Hao si wagonjwa wa bahati mbaya, mbolea ikizidi, chumvi yake huunguza mizizi na majani. Virudishe vyote, kisha katika rejresheni, yaani hesabu ya kutafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta, ongeza mraba wa kiasi cha mbolea uone kama mkunjo unaeleza takwimu vizuri zaidi kuliko mstari. Ungekuwa na vyungu vitatu kwa kila kiasi, ungeweza pia kulinganisha mkengeuko kutoka kwenye mstari na tofauti za kawaida kati ya vyungu vilivyopewa mbolea sawa. Kwa chungu kimoja kimoja, njia hiyo imefungwa.

Mche Mmoja: Nimerudisha vyote 15. r imeshuka hadi 0.18. Nukta zinapanda hadi gramu 8 hivi, zinatulia, kisha zile tatu zinaporomoka. Lakini kichwa cha sura kinasema «mstari mnyoofu», na nakala nimekwishachapa.

Sifuri Kamili: Weka picha ya chati hapa, tuone kama vyungu vipo.

Mche Mmoja: Naipakia sasa hivi.