Kutoka uwanja wa Kisongo hadi KIA: saa nne na nusu zinatosha?

RauMoshi:
Wakuu, habari zenu. Mgeni wetu anatoka Zanzibar Jumamosi, anatua uwanja wa Arusha saa 5:10 asubuhi. Ndege yake ya kwenda nje inaruka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) saa 9:40 alasiri. Tiketi ni mbili tofauti. Gari la kumfuata linatoka Moshi. Ramani ya simu inaonyesha kilomita 50 tu. Muda unatosha?

Usukani:
Unatosha, ila hizo 50 zisikudanganye. Ni mstari ulionyooka angani. Hata ile 50 inayotajwa kila siku ni ya KIA hadi Arusha mjini, na uwanja uko Kisongo, ng'ambo ya mji, barabara ya Dodoma. Kwa gari hesabu 60.

Msipite mjini. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru: bodaboda, mikokoteni na daladala zinazoshusha abiria hovyo. Kisongo shikeni baipasi, mtokee Usa River. Inaongeza kilomita chache lakini inawaepusha na foleni yote. Kuanzia Usa River hakuna ujanja tena: Maji ya Chai, Kikatiti, vivuko vya wanafunzi, mwisho 50 kwa saa penye makazi, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Ukikata kona ya KIA bado kuna kama kilomita 6 hadi jengo la abiria. Kwa baipasi weka saa moja na robo. Kwa mjini, siku mbaya, saa mbili.

Dereva wa Moshi aondoke saa 2 asubuhi. Atapita kona ya KIA kwanza, ndipo aanze safari hiyohiyo kwa kinyume, kwenda Kisongo.

KauntaYaTatu:
Naongezea upande wa ndege. Tiketi zikiwa mbili, mizigo haihamishwi. Anaichukua mwenyewe Kisongo na kuikabidhi upya KIA. Akitua 5:10, awe na begi mkononi kabla ya 5:45, mpo KIA saa 7 na dakika chache. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, yaani 8:40. Kwa hiyo akiba yenu ni saa moja na nusu hivi. Ndege ndogo ya Zanzibar ikichelewa saa moja, mnafika. Ikichelewa mbili, hapana. Kama kuna ndege ya mapema zaidi, abadilishe.

Uzito nao uangalieni. Ndege ndogo kama Caravan nyingi huruhusu kilo 15, tena begi laini, wakati tiketi ya nje huenda inampa 23. Atakwama Zanzibar, si KIA.

RauMoshi:
Asanteni sana. Kwenye tiketi ya Zanzibar imeandikwa ARK. Ndiyo Kisongo?

KauntaYaTatu:
Ndiyo, ARK ni Kisongo. JRO ni KIA. Aulizie pia kama kuna ndege ya Zanzibar inayotua JRO moja kwa moja siku hiyo. Akiipata, gari halina haja ya kuvuka Usa River kabisa.