Vumbi la kiangazi Dodoma: mashine ya kufyonza, kung'oa zulia au kubadili madirisha?

Mkazi_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu iko mita 20 tu kutoka barabara ya vumbi. Tangu mvua zikatike, nikifuta meza asubuhi, mchana nyayo za paka zinaonekana juu yake. Mwanangu ana pumu, usiku anakohoa hadi nakosa usingizi. Hela inatosha jambo moja: mashine ya kufyonza vumbi, kung'oa zulia la sebuleni niweke vigae, au kutoa madirisha ya luva niweke ya aluminiamu. Nianze na lipi?

Fundi_Vioo
Luva hata uzikaze vipi, kila kioo kinaacha upenyo. Aluminiamu yenye mpira mzuri inazuia sana. Lakini niseme ukweli ingawa ndiyo kazi yangu: kama mchana utafungua kwa sababu ya joto, vumbi litaingia vilevile. Wavu wa mbu haulizuii.

MamaWawili
Zulia kwanza, mkuu! Langu nilipolikunja nilikuta chini yake mchanga wa kujaza kopo. Vigae vinaweza kusubiri, sakafu ya sementi iliyopigwa vizuri inadekika. Na usifagie kavu. Fagio linarusha vumbi juu, lile laini linaelea muda mrefu, na mtoto ndiye anayelivuta. Deki, halafu futa meza na makabati kwa kitambaa chenye unyevu.

Nesi_Tanga
Naungana na MamaWawili. Mashine isiyo na kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa, inavuta mbele, inatema nyuma. Mashuka fua kila wiki, kwa maji ya nyuzi 60 ukiweza, maana utitiri, wale wadudu wadogo sana wa godoroni, nao huamsha pumu. Huku pwani kwenye unyevu wamejaa zaidi, ila huko msiwapuuze. Na ukishabana madirisha, jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa.

Bustani_Kavu
Uwanja je? Wangu ulikuwa udongo mtupu. Nilipanda ukoka, naumwagilia maji ya kusuuzia nguo. Vumbi la miguuni limepungua mno.

Mkazi_Nkuhungu
Asanteni sana. Zulia linatoka Jumamosi. Fundi, naweza kubadili dirisha la chumba cha mtoto peke yake?

Fundi_Vioo
Unaweza. Pima tundu la ukuta, si fremu ya zamani: upana mara tatu, juu, katikati na chini. Niletee kipimo kidogo kuliko vyote.