Naomba ushauri: nimsomee mzee wangu Ghazali au Marcus Aurelius?

Wakuu, habari za leo. Baba yangu amestaafu, macho yamefifia, na kila baada ya isha anataka nimsomee jambo kuhusu shukrani. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu (alifariki 1111), anasema katika kitabu chake Ihya kwamba shukrani ni elimu, hali na amali: ujue neema imetoka kwa nani, moyo ufurahi, kisha uitumie anavyopenda aliyekupa. Hilo la tatu linanigusa mno. Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, naye anaanza kitabu chake kwa kuwataja waliomjenga na alichojifunza kwao, babu yake akiwa wa kwanza. Mzee atalipenda hilo. Nianze na yupi? Na Ghazali kwa Kiswahili chepesi anapatikana wapi? Kiingereza hakimwingii kabisa.