Naomba ushauri: koti la mvua la marehemu mzee linabanduka ndani

Habari wakuu, nina koti la mvua la marehemu mzee wangu, alikuwa analivaa usiku akienda kuvua dagaa huko Ukerewe, sasa ndo navaa mimi nikivuka na feri ya Kamanga asubuhi maana upepo wa ziwa mnaujua wenyewe. Ule mpira wa ndani umeanza kunata na kubanduka, maji yanapenya mabegani. Zipu nayo imekufa ila hiyo fundi atabadilisha. Wife anasema nikachukue lingine mtumbani Mlango Mmoja, yapo mazuri kweli, lakini hili lina viraka alivyoshona mzee mwenyewe kwa uzi wa nyavu, siwezi kulitupa jamani. Kuna dawa ya kupaka au nilishonee bitana mpya? Aliyewahi kuokoa koti la hivi anielekeze, mvua zinakaribia.