Mrejesho: kusubiri ndege Unguja, nilivyoutumia muda

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza nifanye nini Unguja kati ya ndege ya asubuhi kutoka Pemba na ile ya jioni ya kwenda Dar, badala ya kusinzia uwanjani Kisauni.

Nilifuata ushauri wa daladala 505 mpaka Darajani, penye soko kuu. Nauli ndogo, wakati madereva teksi pale nje walinitajia bei ya mtalii na Kiswahili changu chote! Mwenye sanduku kubwa achukue teksi tu, daladala hujaa.

Sokoni nilipita haraka. Muda mwingi uliishia Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Vile vyumba vya chini, dari ya kuinamia, vinakunyamazisha. Dada uliyesisitiza nile urojo (Zanzibar mix), Mungu akubariki.

Safari ya boti ya kwenda Changuu, kisiwa chenye kobe wakubwa wa miaka mingi, ilishindikana. Bahari ilichafuka, na nahodha akasema kwenda tutafika, ila kurudi kwa wakati haahidi. Kobe watanisubiri, umri wanao. Bustani ya Forodhani nayo, wachoma mishikaki hupanga meza jioni, hivyo mwenye ndege ya saa kumi na mbili asiiweke kwenye ratiba.