Kupokea kobe na vinyonga waliokamatwa: makabidhiano na maafisa wanyamapori yaweje?

MtunzaMoro:

Habari za jioni wakuu. Kituo kiko Morogoro, kina leseni ya kutunza nyoka na kobe kwa maonyesho na elimu. Afisa wanyamapori amepiga simu leo: kuna mzigo umekamatwa njiani, kobe 20 na vinyonga 31, wote wamo kwenye viroba. Watuhumiwa wako ndani, jalada limefunguliwa, na ofisi yake haina pa kuweka wanyama hai. Anataka kuwaleta kesho saa nne asubuhi. Nafasi ipo na moyo wa kusaidia upo, ila hatujawahi kupokea vielelezo vya kesi. Tudai karatasi gani bila kumfanya aone tunamwekea ngumu? Tuandae nini usiku huu? Pia askari wake wameomba tuwafundishe kuondoa nyoka majumbani kwa watu, tuanzie wapi?

Kobe wa Mawe:

Wapokeeni, mkuu, ila simu si kibali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, nyara ni pamoja na mnyama aliye hai, na yai lake nalo limo. Kwa hiyo kobe aliyelala bandani kwako bila maandishi ni nyara ya Serikali mikononi mwako, hata kama alishushwa na gari la Serikali. Afisa unayeelewana naye leo akihamishwa, atakayekuja kukagua baada ya miezi sita atasoma leseni, ataona nyoka na kobe, kisha atauliza vinyonga 31 wametoka wapi.

Karatasi ni mbili, na zote zishuke garini pamoja na wanyama. Kwanza, barua ya ofisi yenye mhuri: mnawahifadhi kwa niaba yao, spishi zipi, namba ya jalada, na mpaka amri ipi itoke. Pili, hati ya makabidhiano yenye mstari mmoja kwa kila mnyama: namba, spishi, uzito, urefu wa gamba au mwili, hali yake, jeraha lolote. Hesabuni afisa akiwa amesimama hapo. Kama hati ya ukamataji inasema vinyonga 31 na kwenye viroba mnakuta 29 hai na 2 wamekufa, iandikwe hivyo hivyo na kila mmoja atie saini. Waliokufa hawatupwi. Kila mmoja afungwe kwenye mfuko wake wenye namba, arudi na afisa.

Kuhusu kumkwaza, mwambieni ukweli: "Afande, karatasi hii inalinda kesi yako." Wakili wa utetezi atauliza kama kobe waliopo mahakamani ndio wale waliokamatwa barabarani, na hesabu ikipishana hata kwa mmoja, hapo ndipo atakapobana.

Msitoboe gamba wala kulichonga ili kuweka alama, maana kielelezo hakibadilishwi. Bandikeni plasta yenye namba mgongoni, kisha mpige picha ya mgongo na ya tumbo, rula ikiwa pembeni. Michoro ya gamba la tumboni hutofautiana kobe kwa kobe, kwa hiyo hata plasta ikibanduka mtamjua. Mkitaka kuweka chipu chini ya ngozi, ombeni ruhusa ya maandishi kwanza.

Na kuandika "kobe" tu hakutoshi. Yule bapa wa miambani, *Malacochersus tornieri*, mwili wake ni kama chapati na gamba la tumboni linabonyea kidogo ukiligusa kwa kidole. Tangu 2019 yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hicho ndicho chenye ulinzi mkali zaidi. Mwenye madoa ya chui, *Stigmochelys pardalis*, ana mgongo wa kuba na yuko Kiambatisho cha II. Ukiwachanganya hao wawili, hati ya utambuzi na thamani ya nyara inayumba. Kuiandaa ni kazi ya afisa. Ninyi mpeni picha safi na vipimo.

DaktariMagamba:

Hivyo viroba ndivyo vinavyonitia hofu. Nyuzi zake hufumuka na kujisokota kwenye vidole vya kinyonga mpaka damu haipiti. Kagueni kidole kimoja kimoja mchana kweupe. Uzi ukatwe kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, usivutwe, kwa sababu ukivutwa hukaza na kidole huondoka nao. Vinyonga waliorundikwa pamoja pia huumana, kwa hiyo angalieni midomo na mikia.

Usiku huu tengeni chumba mbali na wanyama wenu, chenye ndala zake, glavu zake na ufagio wake. Kila siku hudumieni wa zamani kwanza, hawa wapya mwisho. Sehemu ngumu zioshwe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa vipimo kumi vya maji. Ukimwaga klorini juu ya kinyesi haifanyi kazi, uchafu huimaliza nguvu. Hesabuni karantini ya siku 90. Kobe wa porini huja na kupe kwenye makwapa na shingoni, na wengi wana minyoo.

Kobe kwanza apimwe uzito, halafu akae kwenye beseni la maji vuguvugu dakika 20, maji yakiishia pale gamba la juu linapokutana na la chini. Kila mmoja na maji yake. Siku ya kwanza maji tu, kuanzia ya pili nyasi na majani mabichi. Wali, ugali na mkate vitawaharibu tumbo. Kobe bapa asipopata ufa wa kujibana hatatulia wala kula: wekeni mbao mbili zenye mwanya wa sentimita 5 hivi kati yake. Mkitumia mawe, yasimame juu ya sakafu na si juu ya mchanga, maana hujisukuma chini yake na jiwe litamwangukia. Jike hutaga yai moja kwa kawaida. Likionekana, wekeni alama ya penseli upande wa juu, msiligeuze, na liingie kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Toboeni chupa ya lita moja kwa sindano, itundikeni juu ya mti wa kwenye chungu, idondoke kwenye majani saa nzima asubuhi na tena jioni. Macho yaliyobonyea ni kiu. Akifumba macho mchana, hiyo ni dharura. Kama ni wa milimani, wa Uluguru au Usambara, chumba cha bati kitawamaliza: joto likipita nyuzi 28 wataanza kuachama.

Akifa mmoja, mzoga uende kwenye friji, si kwenye friza, ili daktari aweze kuupasua kesho yake, na afisa ajulishwe kwa maandishi siku hiyo.

MtunzaMoro:

Shukrani sana. Chumba kimeshatengwa. Lakini kesi hizi zinaweza kuvuta miaka. Tutakaa nao muda wote huo?

Kobe wa Mawe:

Si lazima. Upande wa mashtaka unaweza kuomba amri ya mahakama ya kuondoa mapema vielelezo visivyotunzika, kwa fomu ya inventori, yaani orodha ya vielelezo hivyo. Hapo pana mtego: Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba mshtakiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla amri haijatolewa, na picha zipigwe. Amri ikitoka mshtakiwa hayupo, ushahidi huo unaweza kutupwa. Mkumbusheni afisa kwa upole.

Kuwaachia porini msiamue ninyi, hata ikitoka amri ya kuwaondoa. Ombeni iseme waende wapi. Vinyonga wengi wa milima hii wanaishi kwenye mlima mmoja tu, na wa Usambara akiachwa Uluguru hajarudishwa nyumbani, na anaweza kuwapelekea wenyeji ugonjwa. Kama asili yao haijulikani, kubaki kituoni kwa barua rasmi ni bora.

Fimbo na Ndoo:

Nijibu la mafunzo. Anzeni na vifaa vya kukaa kwenye gari lao: fimbo ya ndoano ya mita 1 hadi 1.2, miwani inayofunika macho pande zote, tochi, mifuko ya pamba ambayo mshono wake uko nje ili nyuzi zisimnase nyoka, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kuzungusha. Matundu ya hewa yatobolewe kutoka ndani kwenda nje, milimita 4. Ukitoboa kinyume, makali hubaki ndani na nyoka huchubua pua.

Askari asifundishwe kushika kichwa. Ndoo ilazwe ubavu kandokando ya ukuta, mdomo ukimwelekea nyoka, naye asukumwe taratibu kwa fimbo. Atafuata giza aingie mwenyewe. Inyanyueni ndoo kwa fimbo, mfuniko ufungwe kwa kuukandamiza na fimbo ya pili kwanza, mkono baadaye. Kisha ndoo isikae nyuma ya pikapu juani. Swila akitema machoni, ni maji mengi dakika 20, macho yakiwa wazi, na hospitali.

Kabla ya somo la kwanza, afisa aulize hospitali iliyo karibu kama dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo leo, na namba ya zamu ya usiku iandikwe kwenye mfuniko wa ile ndoo.